Betri Chini ya Miguu ya Mama Mkwe

Mama Agar aliweka mguu mmoja kwenye ubao wa kupandia wa kamioneti, gari dogo la mizigo, akaingiza mkono ndani ya kabini, akapapasa kiti mpaka vidole vilipofika karibu na usukani. Kisha akaurudisha mguu chini polepole, kama mtu aliyekanyaga maji asiyojua kina chake.

"Siwezi kuikala apa," alisema.

Akageuka, akaushika ukuta wa nyumba kwa kiganja, akaufuata hadi mlangoni, akaingia ndani.

Mujinga, binti yake, ambaye jina lake kwao si tusi, alibaki amesimama na kikapu cha chakula kichwani. Mumewe Kisimba alikuwa kwenye usukani, na kitu kidogo chini ya sakafu ya kabini kilikuwa kimetoka kulia *chaa!* kama mafuta yaliyodondokewa na maji. Harufu kali ikapanda.

"Anasema nini?" Kisimba aliuliza.

"Anasema hawezi kuikala ku kiti."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Hakusema."

Walitazamana. Mujinga akashusha kikapu.

Mama Agar alikuwa ameletwa mjini Kamina, Kongo, kwa treni kwa sababu ya macho. La kushoto lilikuwa limekwisha kuwa jeupe kama ganda la yai, na la kulia lilikuwa linaanza kufunikwa na ukungu uleule. Daktari wa macho, mgeni kutoka mbali, alikuwa amefika katika hospitali ya misioni upande wa magharibi, ambako reli haifiki, na Jumamosi angeondoka. Baada yake, hakuna aliyejua kama mwingine angekuja mwaka huo au mwaka uliofuata. Leo ilikuwa Jumatano. Njia ilikuwa mbaya, ya kutembea mchana kutwa na gari zima, na gari lenyewe ndilo hili: kamioneti kuukuu la kabla ya vita, ambalo Kisimba alilirithi kwa tajiri wake wa zamani badala ya kuliacha lioze.

Mujinga alikuwa mwalimu wa watoto wadogo katika shule ya Wamethodisti. Alizoea kwamba kila swali lina jibu, na kama hulijui, unarudi kwenye swali na kulisoma tena. Akarudi. Mama alipanda. Kitu kikalia. Harufu ikatoka. Mama akashuka. Basi ni nini kingine kama si betri?

Betri ya gari lile ilikaa chini ya sakafu, mahali pale pale anapoweka miguu mtu aliyeketi upande wa kulia. Sahani ya chuma iliyoibeba ilikuwa imeliwa na asidi hadi ikawa kama kitambaa kilichotoboka. Kisimba alikuwa ameining'iniza betri kwa waya. Kila gari lilipoingia shimoni betri iliruka, vichwa vyake vikagusa bamba la sakafu, cheche zikatoka. Mujinga mwenyewe alikuwa na kitenge chenye matundu madogo kwenye pindo, na hakupata kumwambia mumewe kwamba kilimuuma moyoni, kwa kuwa kilikuwa kitenge cha arusi.

"Ni batri," alisema kwa sauti ndogo. "Mama anaogopa batri."

Uso wa Kisimba ulibadilika, ukawa kama wa mtu aliyepewa ruhusa.

"Njo vile! Kumbe eko na akili kutupita. Tutaitosha pale, tuipeleke fasi ingine. Leo leo."

Kisimba alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa reli, mama yake alikufa mapema, na baba alimlea katikati ya watu wa makabila yote. Alikuwa mwepesi wa kusaidia na mwepesi wa kuumia. Siku ile ya stesheni alikimbia mbele ya kila mtu kumpokea mkwe wake kwa mikono miwili. Mama Agar akageuza uso, mikono ikabaki hewani. "Ni macho, hakukuona," Mujinga alimwambia. Nyumbani mama aliomba chakula chake apelekewe chumbani. Ni macho, walisema, mwanga unamuumiza. Kisimba akiingia, mama anajifunika kanga usoni. Macho. Kwa hiyo Kisimba alikuwa na hamu kubwa ya kumfanyia mkwe jambo moja ambalo hata kipofu angelijua.

Jirani yao Amédée alikuwa fundi seremala, Mkatoliki wa ukoo wa wakulima wa siku nyingi katika nchi ile. Alipoitwa alikuja na msumeno begani na maneno mdomoni.

"Miye nimetengeneza masanduku ya bibi-arusi, na masanduku ya kuzikia. Sanduku ya batri, njo mara ya kwanza. Inalalaka chali ao kifudifudi?"

"Inasimama," Kisimba alisema.

"Basi inapita bantu wengi."

Walikubaliana waihamishie nyuma, kwenye jukwaa la mbao la kubebea mizigo, mara tu baada ya ukuta wa kabini, mahali palipokingwa na mbao za pembeni. Mujinga aliwatazama wakifanya kazi na mara kwa mara aliwapelekea maji, huku akitega sikio kuelekea dirisha la chumba cha mama. Kimya. Alitaka kwenda kumwambia, "Mama, tunaitosha." Lakini alikuwa mtu wa kuona haya hata kwa mama yake, na alijiambia kwamba ni vizuri zaidi mama akikuta kazi imekwisha.

Na kwa kweli ilikuwa kazi ya kupendeza. Kisimba alipata vipande vya chuma cha pembe, akavikata na kuviunga viwe kitako chenye kingo nne. Hakutaka kuvipigilia kwenye mbao peke yake. Alitoboa mbao, akapitisha bolti ndefu mpaka kwenye chuma cha shasi, kiunzi cha gari kilicho chini, akakaza nati kwa spana hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Juu ya kitako akalaza mpira wa gurudumu la zamani ili betri isikae chuma kwa chuma. Betri ikawekwa. Juu yake kikapita kipande cha mti mgumu, kimekazwa huku na huku kwa vyuma viwili vyenye nati, mbali na vichwa vya betri.

"Itikise," alimwambia Amédée.

Amédée akaishika kwa mikono miwili, akavuta. Gari zima likayumba. Betri haikucheza.

"Eh! Ungefunga vile ndoa yako."

"Ndoa yangu imefungwa muzuri."

"Muulize Mujinga, hapana miye."

Mujinga akainamisha uso na kucheka ndani ya kiganja.

Waya mpya, mnene kama kidole gumba, ukapitishwa kwenye tundu la ukuta wa kabini. Kisimba alilizungushia tundu lile mpira, ili makali ya bati yasiukate waya njiani. Waya wa pili, mfupi, aliufunga kwa bolti nzuri safi kwenye ubao wa jukwaa, karibu kabisa na betri. Kisha Amédée akavalisha sanduku lake juu ya vyote: miguu minne imara iliyokanyaga jukwaa, matundu pembeni ili betri ipumue, na kifuniko cha mbao nene kisichogusa kitu ndani. Alikipiga randa mpaka kikang'aa.

Kisimba akaingia kabini, akawasha taa, akakanyaga cha kuwashia injini.

Hakuna.

Akakanyaga tena. Hata mlio wa panya haukusikika.

"Labda haipende nyumba mupya," Amédée alisema.

Wakafungua sanduku. Kisimba akakwangua vichwa vya betri kwa kisu. Akafungua waya mnene, akaufunga upya. Akaiuliza betri kwa sauti, kana kwamba ni mtu: "Weye, uliwaka asubui. Nimekufanya nini?" Alifuata waya kwa vidole kutoka nyuma mpaka mbele, akarudi. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Kila kitu kilikuwa kizuri kuliko zamani, na gari lilikuwa maiti.

Mujinga alisimama pembeni. Kama asingesema "ni betri", gari lingekuwa linawaka hata sasa na cheche zake. Alifikiri jicho la kulia la mama. Alifikiri daktari akifunga sanduku lake la vyombo. Haikumwingia akilini jinsi kitu kinavyoweza kutengenezwa vizuri hivyo na kuharibika kwa sababu hiyohiyo.

"Shika huu," Kisimba alimwambia Amédée, akamkabidhi ncha ya ule waya mfupi aliokwisha kuufungua ubaoni ili aukwangue. Amédée aliushika kitambo, mkono ukamchoka, akaulaza kwenye kichwa cha mojawapo ya bolti ndefu.

Taa za mbele zikawaka.

"Nani amegusa nini?" Kisimba alipiga kelele.

"Hapana miye!" Amédée aliinua mikono juu, na waya pamoja nayo. Taa zikazimika.

"Rudisha! Rudisha pale ulikuwa!"

Zikawaka. Kisimba akaketi chini mavumbini, akajishika kichwa.

"Mbao," alisema. "Nimefunga waya ku mbao. Kule zamani ilikuwa chuma juu ya chuma, moto ya batri inaenda na waya, inarudia ku chuma ya gari. Miye nikaifungia njia ya kurudi."

"Kwa hiyo kosa iko ya mbao yangu?"

"Mbao yako haina kosa. Haipitishe tu."

Ncha ile ikafungwa kwenye bolti ya shasi, chuma kikakwanguliwa mpaka kikawa cheupe. Injini ikawaka kwa jaribio la kwanza, ikanguruma ua mzima. Hakuna cheche, hakuna harufu. Kisimba alilisogeza gari mbele na nyuma, akalipitisha makusudi juu ya mzizi, na betri ikatulia kama mzee kanisani.

Bado jua lilikuwa juu. Mujinga akakimbia ndani.

"Mama, tumetengeneza. Njoo, twende tulale njiani, kesho tufike."

Mama Agar aliinuka kwa haraka iliyomshangaza. Alitoka akifuata ukuta, akafika kwenye gari. Lakini hakwenda mlangoni. Alipita mlango, akaenda nyuma, akapapasa ubao wa pembeni kama mtu anayejua anachokitafuta. Mkono wake ukapanda jukwaani, ukaelekea kwenye kona ya karibu na kabini. Ukagonga sanduku. Ukalizunguka. Ukagusa kichwa cha bolti, kisha kingine.

Ukasimama.

"Aya," alisema polepole. "Nimesikia."

Akarudi ndani.

Kisimba alishuka kabini, akaufunga mlango taratibu mno.

"Hanipende," alisema. "Batri haikuwa batri. Ni miye. Mama yako anachagua upofu kuliko kupanda gari yangu."

Je, ni kweli? Alijaribu kulirudia swali tena na safari hii hakujua hata swali lenyewe ni lipi. Alimfuata mama ndani.

Mama Agar alikuwa ameketi kwenye mkeka, ametwaa fungu la sombe, anayachambua majani ya muhogo kwa kugusa. Mujinga akaketi kando yake, akachukua tawi moja naye. Mwishowe Mujinga, ambaye hakuwahi kumuuliza mama yake swali la uso kwa uso, akauliza akiyatazama majani.

"Mama, bwana yangu alikukosea nini?"

"Ku masomo walikufundisha nini, Mujinga?"

"Kusoma. Kuhesabu. Kushona. Usafi."

"Na muko?"

Muko ni mkwe. Mujinga alilijua neno hilo tangu utotoni, kama mtu anavyojua jina la mto ambao hajapata kuuvuka. Aliishi bwenini kwa wamisionari tangu akiwa mdogo, na kule hakuna aliyekuwa na mkwe.

"Ku gare, kule stesheni," mama alisema, "ule kijana alininyoshea mikono mbele ya bantu. Nikasema, eko mutoto ya kambi, hajue kama muko hamushike mama ya bibi yake, hamuangalie ku uso, hakule naye. Nikageuza uso. Mukasema: macho. Nikakula peke yangu. Mukasema: macho. Nikajifunika. Macho! Kila kitu macho. Kiisha munaniambia niikale na muko yangu ku kiti kimoya, bega na bega, na hamujazaa hata mutoto mumoya wa kufungua njia kati yetu."

"Mimi ningeikala katikati, mama."

"Na ukishuka kukojoa?"

Mujinga akaokota tawi jingine.

"Lakini umebatizwa," alisema.

"Nimebatizwa. Maji haikuniondolea haya." Mama alitupa kikonyo pembeni. "Leo nikasema, sawa, nitaenda nyuma, pale muntu anaweza kumupa mugongo muko yake. Nikapapasa. Nikakuta amefunga sanduku palepale, na bolti. Nikasema, amenijibu. Ananiambia, hapa pia hapana pako."

Mujinga aliachia tawi likaanguka.

"Mama! Ile sanduku ni batri. Ilikuwa chini ya miguu yako mbele. Tuliitosha juu yako, sababu ya weye."

"Juu yangu? Miye nilisema nini na batri? Batri njo kitu gani?"

Hapo Mujinga alicheka, na katikati ya kicheko akajikuta analia, na mama naye akawa anauliza, "Unacheka ao unalia?"

Alipotoka nje na kueleza, Kisimba alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilimushika mukono!"

"Hukumushika. Alikwepa."

"Nilitaka kumushika! Mbele ya gare yote!" Akatazama dirisha la chumba, akagundua kwamba analitazama dirisha la mkwe wake, akaruka nyuma ya jiko.

Amédée alimgeukia Mujinga. "Hamukujua? Miye nilifikiri munajua! Nikasema moyoni, hawa Wamethodisti wamefua desturi na sabuni, haiko kazi yangu. Kumbe hamukufua. Hamukuwa nayo!"

"Sasa tufanye nini?" Mujinga aliuliza. "Kuihamisha tena, siku itaisha. Waya haufiki mahali pengine. Na kwenye mbao tupu ku nyuma kabisa, kila shimo litamurusha."

Amédée alilitazama sanduku lake. Akapanda jukwaani, akakaa juu ya kifuniko. Akainuka, akaruka juu yake kwa miguu miwili. Halikulia.

"Miguu ya sanduku njo inabeba, hapana batri," alisema. "Katika gari hii yote, ni kitu kimoya tu hakitikisike. Na unaikala unaangalia nyuma."

"Atakubali kuikala juu ya kitu cha muko?"

"Muko akikosea, anatoa kitu. Haongeze maneno. Wakikipokea, imekwisha."

Kutoka nyuma ya jiko sauti ya Kisimba ikasema, "Kitu gani?"

Mujinga hakungoja wajadiliane. Aliingia ndani, akatoa blanketi la mistari myekundu walilopewa siku ya arusi, ambalo hawakuwa wamelifungua. Kisimba alitoka nyuma ya jiko, akalipokea, akaenda akalikunja juu ya kifuniko, akalisawazisha pembe zote kama anayetandika meza ya Bwana, akarudi kujificha. Amédée akapigilia upapi mmoja wa kushikilia mkono.

Mujinga akamleta mama.

Mama Agar aligusa blanketi. Akalikunjua pembe moja, akaisugua kati ya vidole, akanusa upya wake.

"Ni ya nani?"

"Ni muko yako ametoa."

Mujinga alijikuta anaomba bila kujua anaomba nini hasa: kwamba mama akubali, au kwamba mumewe asichungulie.

"Muulize," mama alisema, "kile kitu chini kitaniunguza?"

Mujinga akazunguka jiko, akauliza. Akarudi. "Anasema hapana. Kimefungwa mpaka ku chuma ya gari. Anasema gari itavunjika kwanza."

Mama Agar akapanda, Amédée akimsukuma kiwiko, akaketi. Akajipa uzito upande huu na upande ule. Kisha akavuta blanketi likamfunika magoti.

Kisimba akaja kinyumenyume, akaingia kabini. Mkono wake ukaenda kwenye kioo cha kutazamia nyuma, akakifungua nati, akakitia chini ya kiti. Mujinga alisimama katikati, mguu mmoja mbele, macho nyuma, hajui mahali pa mke ni wapi na pa binti ni wapi.

"Panda mbele!" mama alisema. "Nani atamwambia nikianguka?"

Walilala njiani kijijini kwa watu wa kanisa, kesho yake wakaendelea. Kila shimo Kisimba aliuliza bila kugeuza shingo, "Eko?" na Mujinga akachungulia dirisha dogo na kusema, "Eko." Baadaye alianza kuuliza, "Iko?" na ilimchukua Mujinga mashimo kadhaa kuelewa kwamba sasa anaulizia betri. Vyote viwili vilikuwepo.

Daktari alikuwa bado hajaondoka. Alilifunua jicho la kushoto kwa kidole gumba, akatikisa kichwa; akalifunua la kulia, akakaa nalo muda mrefu, akamwambia Mujinga amlete mama asubuhi bila kumlisha kitu, watajaribu.

Walipotoka barazani Kisimba alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwao, amewapa mgongo, anatazama ukuta mweupe wa hospitali.

"Mwambie muko yangu," Mama Agar alimwambia binti yake, kwa sauti iliyofika mpaka langoni, "njia ya kurudi apunguze mbio. Kiti ni kizuri, lakini kiuno ni changu."

Mujinga alimtazama mumewe, ambaye masikio yake yalikuwa yamesimama. Hakujua kama acheke. Akamwendea, akasimama nyuma yake.

"Mama anasema, njia ya kurudi upunguze mbio. Kiti ni kizuri, lakini kiuno ni chake."

"Mwambie," Kisimba aliuambia ukuta, "nimesikia."

Naye Mujinga akageuka, akarudi zile hatua chache, kumwambia mama yake.